Zamu ya Jumatano, Nyali

Kila Jumatano saa kumi na moja wanakuja kujifunza mwili.
Wazungu kumi na mmoja, mara nyingine tisa,
viatu mlangoni kama msikitini,
mikeka nimeitandika mimi, maana mpishi ana mgongo
na mkataba wa ulinzi haukusema nisitandike.

Jina langu Nyevu. Baba ni Kazungu,
jina la ukoo tu, msicheke,
weupe wake wote ulikuwa kwenye meno.

Dirisha la sebule li hatua sita kutoka kibanda changu
na pangaboi halimezi sauti.
Mwalimu wao, Solveig, mweupe kama wao, hafundishi historia.
Historia mmeisoma, asema, mabega yenu bado hayajaisikia.
Fumbeni macho.
Ni usiku. Taa ya barabara imekufa.
Mwanamume mweusi anakuja upande wako.
Sitaki maneno mazuri. Wapi pamekaza?

Kimya. Kisha: taya.
Tumbo, chini ya kitovu.
Nahodha mstaafu asema vidole vya miguu, kwa haya,
kama mtoto aliyekojoa kitandani.
Hanneke, mzaliwa wa Mombasa, anayetukana Kiswahili kunishinda:
mkono wangu wa kushoto unaijua njia ya mkoba
kabla mimi sijaijua.

Nilicheka kibandani. Naujua mkono huo.
Umenipita mara mia.

Wana sheria moja: usimpelekee mtu mweusi machozi yako,
ana yake.
Lakini Jumatano ya tatu Gerrit alitoka kabla ya chai,
pua imeiva, akasimama mbele yangu.
Samahani, Nyevu.
Ya nini, hakusema. Yote, nadhani,
tangu minyororo hadi ile siku aliyopiga honi dakika nzima
nami niko chooni.
Nikashika kalamu: umetoka saa ngapi?
Daftari langu lina safu nne, hakuna ya msamaha.
Mwalimu akaja akamrudisha ndani kwa kiwiko.

Kuna jambo sijamwambia mtu.

Alikuja fundi wa mabomba, Charo wa Mwandoni,
ukuta wangu ndio ukuta wake.
Kifaa kikalia kwenye begi, nikamwamuru amwage vyote:
spana, msumeno, chapati mbili ndani ya gazeti.
Nyuma yake gari la mgeni mweupe, sijawahi kumwona.
Mkono wangu ukapanda wenyewe hadi kwenye kofia.
Lango likafunguka.
Charo akaniangalia huku akizikunja chapati zake.
Hakusema. Angesema ningepata la kujibu.

Usiku ule nikafumba macho.
Wapi pamekaza, Nyevu?
Visigino.
Vimegongana, vimebana, tayari,
kama vya askari wa zama nisizozaliwa.
Bibi yangu alifua mashuka katika nyumba za huku.
Uzeeni, kitandani, akisikia gari alijitahidi kuinuka,
hata tulipomwambia, lala, ni lori la maji.

Jana Hanneke alitoka wa mwisho.
Stima zimekatika, mtaa mzima giza.
Mkono ukaanza safari yake.
Nikauona. Akaona nimeuona.
Hakuurudisha haraka, hakutabasamu,
aliuacha pale juu ya zipu, unatetemeka,
kama kitu alichookota asichojua ni cha nani.
Na wangu ulikuwa nusu ya njia ya kofia.

Tukasimama hivyo.
Jenereta ya jirani ikakohoa, ikashindwa.

Wanaotoka pia hukaguliwa. Ndiyo sheria ya kampuni,
haijawahi kuwagusa wao.
Nikashusha mkono, nikachukua kifaa.
Fungua mkoba, tafadhali.
Akafungua. Funguo, dawa ya mbu, maganda ya chungwa.
Nikamulika tochi mpaka chini kabisa,
polepole,
kama nilivyommulika Charo.